Afisa wa afya si hakimu: Mipaka ya sheria wakati wa mkurupuko wa maradhi

KWA karibu miezi miwili ya mwaka 2020, mkazi wa Mackinnon Road hakuwa na ruhusa ya kwenda Voi, mji wa jirani kwenye barabara ile ile.

Kuanzia jioni ya Aprili 8 hadi mapema Juni mwaka huo, watu walipigwa marufuku kuingia au kutoka Kaunti ya Kwale, isipokuwa wale waliotajwa katika kanuni, wakiwemo madereva wa malori ya mizigo. Mackinnon Road, kituo cha biashara kilicho takriban kilomita 90 kutoka Mombasa kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, ndiko Kwale inakoishia kabla ya Taita Taveta kuanza. Hata mpaka wenyewe umekuwa chanzo cha mvutano kati ya kaunti hizo mbili.

Wasafiri wengi hukijua kituo hicho kwa msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah lililo kando ya reli. Wenyeji wanakijua zaidi kama mahali ambapo malori hupumzika, hoteli ndogo huuza chai usiku kucha na wageni kutoka kila pembe ya Afrika Mashariki hupita bila kuulizwa watokako. Kwa sababu hiyo, kila maradhi ya kuambukiza yanapozuka, macho ya maafisa wa afya huelekezwa katika vituo vya aina hiyo.

Marufuku ya mwaka 2020 hayakutolewa na afisa wa afya wa Kinango, wala na serikali ya Kaunti ya Kwale. Yalitoka Nairobi, kwa kanuni zilizotiwa sahihi na waziri na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Jambo hilo lilipita bila kutiliwa maanani na wengi, ilhali ndilo kiini cha swali ambalo wananchi huuliza kila kipindupindu au maradhi mengine yanapotokea: Je, afisa wa afya wa mashinani anaweza kuamuru nini, na uwezo wake unakomea wapi?

Kwa ufupi, sheria inampa afisa huyo uwezo mkubwa kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Lakini uwezo huo umefungwa kwa masharti. Sharti awe na sababu ya kitabibu, na kwa hatua nzito awe na hati yenye sahihi. Na kuna wakati ambapo ni lazima kwanza afike mbele ya hakimu.

Mamlaka yanatoka wapi?

Sheria kuu inayotumika ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo ilitungwa mwaka 1921, enzi za ukoloni, wakati ambapo tauni na ndui zilikuwa tishio la kila mara.

Kumbukumbu za zama hizo zinaonyesha jinsi mamlaka ya afya yalivyoweza kutumiwa bila breki. Tauni ilipozuka Nairobi mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto ili kuangamiza ugonjwa, na wenyeji wake wakapoteza makao na maduka kwa pamoja.

Sheria ya 1921 ilitaja kazi ya mamlaka za afya kwa maneno ya kupimwa. Kifungu cha 13 kinazitaka zichukue hatua zote ambazo ni halali, ni za lazima na zinawezekana kulingana na hali, ili kuzuia maradhi ya kuambukiza au kuyakabili yanapozuka. Hatua isiyo halali, hata iwe na nia njema namna gani, haimo katika kazi hiyo.

Juu ya sheria hiyo sasa iko Katiba ya mwaka 2010. Ratiba ya Sita ya Katiba inaagiza kwamba sheria zote za zamani zisomwe kwa namna inayoafikiana na Katiba. Kwa hivyo, afisa anayefungua Sura ya 242 leo hawezi kuisoma kama alivyoisoma afisa wa gavana Mwingereza.

Katiba hiyo pia iligawanya kazi. Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne, serikali ya kitaifa inasimamia sera ya afya na hospitali kuu za rufaa za kitaifa. Kaunti zinasimamia huduma za afya za kaunti, zikiwemo zahanati na vituo vya afya, ambulensi, leseni za wauzaji wa vyakula, makaburi na uzoaji wa taka. Kaunti pia zina jukumu la kukabili majanga.

Kutokana na mgawanyo huo, maafisa wa afya ambao mkazi wa Mackinnon Road hukutana nao ni wafanyakazi wa Kaunti ya Kwale. Lakini uwezo wa kutunga kanuni za kukabili mkurupuko mkubwa, chini ya kifungu cha 36 cha Sheria ya Afya ya Umma, uko mikononi mwa waziri. Kanuni hizo nazo, kulingana na Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa chini ya sheria za Bunge, hupaswa kuwasilishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao tangu zichapishwe, la sivyo hupoteza nguvu.

Kwa maneno mengine, afisa wa wadi hana uwezo wa kutangaza kafyu. Hawezi kufunga barabara kuu kwa amri ya mdomo, wala kubuni faini asubuhi na kuitoza jioni.

Mlangoni mwa nyumba

Uwezo wa kwanza ambao mwananchi hukumbana nao ni ule wa kuingia na kukagua. Kifungu cha 20 kinamruhusu afisa wa matibabu kuingia katika nyumba au jengo ambalo ana sababu ya kuamini kuwa ndani yake kuna mtu aliye na ugonjwa wa kuambukiza, au alikuwamo siku za karibuni. Anaweza pia kumpima mtu aliyemo ili kujua kama ameambukizwa.

Hapa pana maneno mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni "sababu". Uvumi wa jirani mwenye kinyongo hautoshi. La pili ni kwamba ukaguzi hufanywa katika saa zinazofaa. Kupiga mlango saa nane za usiku kunahitaji maelezo mazito zaidi kuliko kuja saa nne asubuhi.

Fauka ya hayo, Kipengele cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mali yake. Haki hiyo si ya kutopunguzwa kamwe, lakini Kipengele cha 24 kinaeleza jinsi ya kuipunguza: iwe kwa sheria, kwa sababu inayokubalika katika jamii ya kidemokrasia, na pasiwe na njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo lile lile.

Kipimo hicho cha "njia nyepesi zaidi" ndicho mahakama hukitumia mara kwa mara. Ikiwa mgonjwa anaweza kutibiwa nyumbani kwa usalama, afisa atapata shida kueleza kwa nini alimtoa kwa nguvu.

Hospitali, si jela

Uwezo mzito kuliko wote ni ule wa kumtoa mtu kwake na kumzuia mahali. Sheria inatofautisha hali mbili ambazo wengi, hata baadhi ya maafisa, huzichanganya.

Hali ya kwanza iko katika kifungu cha 26, nayo inamhusu mtu ambaye tayari ni mgonjwa. Ikiwa daktari amethibitisha kwamba mtu ana ugonjwa wa kuambukiza, na afisa wa matibabu akaona kuwa mahali anapouguzwa hapazuii maambukizi, afisa huyo anaweza kuagiza apelekwe hospitalini au mahali pa muda panapofaa kupokea wagonjwa. Huko atakaa mpaka asiwe hatari kwa wengine.

Hali ya pili iko katika kifungu cha 27, nayo inamhusu mtu ambaye hajathibitishwa kuugua, ila alikuwa karibu na ugonjwa na huenda unajijenga mwilini mwake. Mathalani, ni utingo aliyesafiri siku 3 katika lori moja na dereva aliyepatikana na ugonjwa. Huyo, kama hana mahali pa kujitenga salama, hawezi kuzuiliwa kwa amri ya afisa peke yake. Panahitajika cheti kilichotiwa sahihi na afisa wa matibabu, kisha amri ya hakimu. Hakimu huyo huyo anaweza kuifuta amri hiyo.

Tofauti hiyo ina mantiki. Aliyethibitishwa kuugua ana ushahidi wa daktari juu yake. Anayeshukiwa tu hana ushahidi huo, kwa hivyo sheria inataka mtu wa tatu, asiye wa idara ya afya, apime kama hofu ina msingi.

Maana ya kifungu hicho ilipimwa mahakamani katika kesi iliyoanzia mbali na Pwani. Mnamo Agosti 2010, wagonjwa wa kifua kikuu katika eneo la Nandi walikamatwa kwa madai ya kuacha kumeza dawa. Mahakama ya Hakimu mjini Kapsabet iliamuru wazuiliwe katika gereza la mji huo kwa miezi 8, au mpaka watakapomaliza matibabu. Walikaa humo siku 46 kabla ya Mahakama Kuu mjini Eldoret kuamuru watolewe Septemba 30 mwaka huo.

Kesi iliyofuata, ambayo wagonjwa wawili waliiwasilisha pamoja na shirika la kutetea haki za kiafya la KELIN, iliamuliwa Machi 24, 2016 na Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi. Jaji alisema kifungu cha 27 hakikumpa yeyote ruhusa ya kumtia mgonjwa wa kifua kikuu gerezani. Gereza si mahali pa kutengwa kwa matibabu kama sheria inavyokusudia, na kitendo hicho kilikiuka Katiba.

Mahakama iliitaka Wizara ya Afya kuandaa, katika muda wa siku 90, sera ya namna ya kuwatenga wagonjwa wasiokubali matibabu, kwa njia inayoheshimu Katiba na viwango vya kimataifa.

Uamuzi huo haukusema kwamba mgonjwa wa kifua kikuu yuko huru kuwaambukiza wengine. Ulisema kwamba kumtenga ni tendo la tiba, na lifanyike mahali pa tiba. Ni vyema kukumbuka kuwa wagonjwa hao walifungwa kwa amri ya hakimu. Hiyo ina maana kwamba sahihi ya hakimu pekee haitakasi amri ambayo haina msingi katika sheria.

Kuna pia sababu ya kiafya. Magereza mengi yana msongamano, na msongamano ni rafiki wa kifua kikuu. Aidha, mgonjwa anayesikia kuwa mwenzake alipelekwa jela huenda asirudi zahanati kuchukua dawa. Ataondoka kijijini usiku, na kikohozi chake kikaondoka naye.

Nani hulipa?

Suala la gharama ndilo lililowaumiza wengi mwaka 2020. Wasafiri na watu waliokuwa karibu na wagonjwa wa Covid-19 waliwekwa katika hoteli, vyuo na shule kwa siku 14, na wengi wakatakiwa kulipa wenyewe. Baadhi walizuiliwa zaidi ya muda huo kwa kukosa pesa, ingawa vipimo havikuonyesha ugonjwa. Baada ya malalamiko, serikali ilitangaza Mei mwaka huo kuondoa ada katika vituo vya umma.

Maneno ya kifungu cha 27 yanapasa kujulikana hapa. Kinasema mtu huhamishwa hadi mahali pa kutengwa kwa gharama ya mamlaka ya eneo anakopatikana. Sheria ya mwaka 1921, pamoja na ukali wake wote, haikumwachia anayeshukiwa deni la kuzuiliwa kwake.

Isitoshe, muda wa kuzuiliwa hupimwa kwa hali ya afya. Mtu akishapatikana kuwa salama, msingi wa kumzuia huwa umekwisha. Deni la chakula na malazi si ugonjwa wa kuambukiza.

Hoteli, vibanda na vyoo

Kwa mfanyabiashara wa Mackinnon Road, hofu kubwa ni kufungiwa. Kipindupindu kinapotajwa, wauzaji wa chakula ndio huwa wa kwanza kuguswa.

Maafisa wa afya ya umma wana haki ya kukagua mahali pa kuuzia chakula, kuangalia leseni, vyeti vya afya vya wahudumu, maji na vyoo. Chakula kisichofaa kuliwa kinaweza kuzuiwa kisiuzwe. Mwenye hoteli anayemzuia mkaguzi halali kuingia hutenda kosa.

Lakini kwa hali chafu au inayohatarisha afya, vifungu vya 119 na 120 vinaweka utaratibu. Kwanza mhusika hupewa notisi inayomtaka aondoe tatizo katika muda uliotajwa. Asipotii, shauri hupelekwa mahakamani, na mahakama ndiyo inayoweza kuamuru afanye nini, kumtoza faini au kuzuia jengo lisitumike.

Kumwaga sufuria za mama muuza chakula barabarani, kuvunja kibanda chake papo hapo au kumtaka "aongee vizuri" ili kisifungwe, hayamo katika utaratibu huo. Kipengele cha 40 cha Katiba kinakataza kumnyang'anya mtu mali yake kiholela, nacho Kipengele cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiserikali zilizo halali, za haki na za haraka, na kuelezwa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa. Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya mwaka 2015 ilitungwa ili kuitekeleza haki hiyo.

Siri ya mgonjwa

Mnamo Julai 31, 2024, Wizara ya Afya ilitangaza kisa cha kwanza cha mpox nchini, kilichogunduliwa katika kituo cha mpakani cha Taveta. Aliyeugua alikuwa msafiri aliyetoka Uganda kuelekea Rwanda kupitia Kenya. Wiki mbili baadaye, Agosti 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, tangazo lililodumu hadi Septemba 2025.

Taarifa za namna hiyo ni za lazima ili umma ujihadhari. Daktari pia ana wajibu wa kuwaarifu wakuu wa afya kuhusu maradhi yaliyoorodheshwa katika sheria. Lakini kuarifu idara si kutangaza jina la mgonjwa sokoni.

Mwaka 2015, agizo la Rais liliwataka makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya ukimwi, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kuwa kukusanya taarifa hizo kwa njia iliyoambatanisha majina ya watu na hali zao kulikiuka haki ya faragha na maslahi ya watoto.

Ikiwa agizo la ngazi hiyo lilizuiwa, ni wazi kuwa orodha ya wagonjwa iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu haiwezi kusimama mbele ya sheria.

Karibu na suala la siri kuna suala la ubaguzi. Kwa kuwa malori husafiri mbali, ni rahisi kuwafanya madereva wote kuwa washukiwa. Mwaka 1900, tauni ilipoingia San Francisco nchini Marekani, wakuu wa afya walizungushia karantini mtaa wa Wachina, lakini wakaziacha nje nyumba za watu wengine zilizokuwa katika eneo hilo hilo. Mahakama iliitangua karantini hiyo, ikisema kuwa ilielekezwa kwa watu wa asili moja badala ya kuelekezwa kwa ugonjwa. Kipengele cha 27 cha Katiba ya Kenya kina msimamo huo huo. Karantini hufuata ugonjwa ulipo. Haifuati kabila, dini wala kazi ya mtu.

Polisi na rungu

Mara nyingi afisa wa afya huandamana na polisi au chifu, na hapo ndipo mpaka kati ya tiba na adhabu hupotea.

Siku ya kwanza ya kafyu, Machi 27, 2020, polisi waliwapiga na kuwarushia gesi ya kutoa machozi wasafiri waliokuwa wamejazana katika kivuko cha Likoni, njia ambayo wakazi wengi wa Diani, Msambweni na sehemu nyingine za kusini mwa Kwale huitegemea kurudi nyumbani kutoka Mombasa. Watu waliotakiwa kukaa mbalimbali walilazimishwa kulala chini wakiwa wamebanana.

Chama cha Wanasheria nchini kilienda mahakamani. Aprili 16, 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kuwa kafyu yenyewe haikukiuka Katiba, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kulinda maisha. Hata hivyo, alisema nguvu kupita kiasi zilizotumiwa na polisi katika kuitekeleza zilikiuka Katiba.

Uamuzi huo unafupisha msimamo wa mahakama nyingi: hatua yaweza kuwa halali, na bado utekelezaji wake ukawa haramu.

Mahakama hazikuishia hapo. Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wasiochanjwa dhidi ya Covid-19 wangenyimwa huduma katika ofisi za umma kuanzia Desemba 21, Jaji Antony Mrima alisimamisha kwa muda agizo hilo mnamo Desemba 14, kabla halijaanza kutekelezwa.

Hali ya hatari ni jambo jingine

Baadhi ya watu hudhani kuwa mkurupuko ukitangazwa, Katiba husimama. Sivyo. Tangazo la dharura ya kiafya si tangazo la hali ya hatari.

Chini ya Kipengele cha 58, hali ya hatari hutangazwa na Rais pekee. Haiwezi kuzidi siku 14 bila idhini ya Bunge la Taifa, na nyongeza ya kwanza huhitaji kuungwa mkono na thuluthi mbili ya wabunge wote. Mahakama ya Juu ina uwezo wa kuamua kama tangazo hilo ni halali. Wakati wote wa Covid-19, Kenya haikutangaza hali hiyo.

Mackinnon Road ina kumbukumbu yake kuhusu maneno hayo. Baada ya gavana Evelyn Baring kutangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952, mahali palipokuwa na bohari la jeshi la Uingereza pakageuzwa kambi ya kuwazuilia walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Walizuiliwa kwa amri ya serikali, bila kuhukumiwa na mahakama. Katika kambi ya Manyani, mbele kwenye barabara hiyo hiyo, homa ya matumbo ilizuka mwaka 1954 miongoni mwa wafungwa waliosongamana.

Walioandika Katiba ya 2010 walikuwa na historia hiyo mbele yao. Ndiyo sababu Kipengele cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa kwa hali yoyote: kutoteswa wala kutendewa ukatili au kudhalilishwa, kutofanywa mtumwa, kupata kesi ya haki, na haki ya kuomba mahakama iamuru mtu aliyezuiliwa afikishwe mbele yake. Hata katika janga baya kuliko yote, mlango huo wa mwisho hauwezi kufungwa.

Wajibu wa mwananchi

Haki hizi zina upande wa pili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika maradhi ya kuambukiza kifo hicho huweza kuwaumbua na majirani.

Kifungu cha 28 kinamwadhibu mtu anayejua kuwa ana ugonjwa wa kuambukiza kisha akajitokeza kwa makusudi hadharani, au kwenye chombo cha usafiri, bila tahadhari. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh30,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kumfukuza mhudumu wa afya kwa mawe, kumficha mgonjwa au kutoroka wodini pia si kutetea haki.

Njia iliyo salama kwa pande zote ni kuuliza kwa adabu. Mwananchi anaweza kuomba kuona kitambulisho cha kazi cha afisa, na kuuliza ni sheria gani inayotumika. Akiambiwa anapelekwa kutengwa, aombe kuona cheti cha afisa wa matibabu, na ikiwa hajathibitishwa kuugua, amri ya hakimu. Aulize anapelekwa wapi na kwa muda gani, na jamaa zake waarifiwe. Akifungiwa biashara, aombe notisi kwa maandishi na nakala yake aiweke.

Iwapo amri itakosekana, atii kwa wakati huo ikiwa kuna hatari ya kweli ya maambukizi, kisha alalamike. Kipengele cha 22 kinamruhusu mtu yeyote, au mwingine kwa niaba yake, kwenda mahakamani haki inapokiukwa. Malalamishi kuhusu maafisa wa serikali hupokewa na Tume ya Haki za Utawala na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na yale kuhusu polisi hupokewa na mamlaka huru ya kuchunguza utendakazi wa polisi, IPOA. Huduma hizo hazihitaji wakili.

Kwa upande wa kaunti, kazi kubwa iko kabla ya mkurupuko. Mahali pa kuwatenga watu panafaa kujulikana mapema, fomu za vyeti ziwe katika vituo vya afya, na maafisa wajue hakimu wa kumfikia ni yupi. Kutoka Mackinnon Road hadi mahakama ya Kwale ni mwendo mrefu, na umbali huo ndio hushawishi watu kutumia njia ya mkato. Afisa asiye na fomu wala namba ya simu ya mahakama atatumia alichonacho, yaani sauti yake na askari aliyeandamana naye.

Itakuwa hasara kubwa kaunti ikifikishwa hapo, kwa sababu mkurupuko hudhibitiwa na watu wanaojitokeza wenyewe. Dereva anayejihisi homa usiku akiwa kando ya barabara ana uamuzi wa kufanya: kubisha katika kituo cha afya, au kuwasha injini aendelee na safari. Atabisha ikiwa anaamini kwamba ndani atamkuta daktari.